Bustani ya Urithi Kando ya Mto Lukuledi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yameokotwa mikutanoni, barazani na kwenye foleni ya pantoni ya Kitunda. Wengi walioyauliza wanaishi bonde la chini la Lukuledi, mkoani Lindi, kusini mwa Tanzania, lakini mtu wa mito mingine ya kusini, Mbwemkuru, Matandu au Ruvuma, atayatambua karibu yote. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Mambo ya mwanzo

1. Bustani ya urithi ni kitu gani hasa?

Ni kipande cha ardhi kando ya mto ambacho wenyeji wamekubaliana kukitunza kwa ajili ya historia yake, miti yake na kazi zinazofanyika pale kila siku. Ndani yake kunakuwa na njia ya miguu, vivuli, mahali pa kukaa, vibao vinavyoeleza kilichotokea, na watu waliofunzwa kusimulia. Wengi wakisikia "bustani" wanafikiria maua na bembea. Bembea si vibaya, watoto watazipenda, lakini hazitoshi kumfanya mtu atoke Mtwara kuja kuzitazama.

Uzio hauhitajiki. Mama anayepita kwenda kuchota maji apite palepale alipokuwa akipita, na mvuvi avute mtumbwi wake palepale. Mto usio na watu wake hauna cha kuonesha.

2. Tofauti yake na hifadhi ni ipi? Tusije tukafungiwa mto.

Hifadhi hutangazwa na serikali kwa sheria, ina mipaka iliyochorwa na ina askari wake. Jirani zetu wa Mtwara Vijijini wanaijua Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye kilometa za mraba zipatazo 650. Bustani tunayoizungumzia hapa ni ya hekta chache, na inaanza kwa uamuzi wa mkutano wa kijiji. Kilichowekwa na mkutano, mkutano unaweza kukirekebisha. Kuhusu nani anamiliki nini, soma jibu la 5.

3. Lukuledi ina urithi gani? Sisi tunaona mto tu.

Basi tuanzie juu. Mto unaanzia upande wa Masasi, unashuka kati ya uwanda wa Makonde na vilima vya Rondo, unapita maeneo ya Ndanda na Nyangao, kisha unajimwaga kwenye ghuba ya Lindi. Bonde hili ndiyo njia ya kale ya kutoka bara kuja pwani, na kila aliyetaka kitu kutoka bara alilipita.

Wamisionari wa Kibenediktini walijenga misheni huko Lukuledi na Nyangao miaka ya 1890. Vita vya Majimaji vilipofika kusini mwaka 1905, misheni zote mbili zilichomwa moto, na mwaka uliofuata kazi yao ikahamia Ndanda. Miaka kumi na miwili baadaye, Oktoba 1917, Wajerumani na Waingereza walipigana siku nne mfululizo Mahiwa, karibu na Nyangao, katika moja ya mapigano yaliyomwaga damu nyingi kuliko yote ya vita vile Afrika Mashariki. Majenerali walikuwa Wazungu. Waliokufa wengi walikuwa Waafrika: askari wa Mjerumani upande mmoja, Wanigeria na askari wa King's African Rifles upande wa pili, na wapagazi ambao hakuna aliyewahesabu vizuri.

Teremka sasa mpaka Mkwaya, kwenye maingilio ya mto. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walipokuja na mpango wao wa karanga wa Nachingwea, mizigo ya kwanza ilishushwa hapo kwa sababu bandari ya Mtwara ilikuwa haijajengwa. Reli ikaanzia Mkwaya kwenda bara. Karanga zikakataa, mpango ukafutwa mwaka 1951, na reli yenyewe ikafungwa mwaka 1962. Wazee wanaokumbuka mluzi wa treni ile wanazidi kupungua, na hiyo peke yake ni sababu ya kuanza kurekodi mwaka huu kabla hata ya kununua mbao.

Kuna pia urithi usioandikwa popote: mibuyu ya matambiko, majina ya vivuko, namna ya kusuka mgono wa kutegea samaki, na utaalamu wa kujua maji yatapwa saa ngapi bila kutazama saa.

4. Na yule mjusi wa Tendaguru? Bustani itasaidia arudishwe?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, mara nyingine kabla ya mkutano kufunguliwa.

Kilima cha Tendaguru kiko kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, upande wa Mbwemkuru. Kati ya 1909 na 1913 Makumbusho ya Historia Asilia ya Berlin yalichimba pale na kuondoka na zaidi ya tani 200 za visukuku. Mifupa ya yule mjusi, dinosaria mkubwa ambaye wataalamu sasa wanamwita Giraffatitan, iliunganishwa Berlin na kusimamishwa mwaka 1937. Leo anasimama kwa urefu wa mita 13.27. Kama arudi au asirudi ni suala la serikali mbili, na kamati ya kijiji haiwezi kulimaliza. Tusiifanye bustani imsubiri.

Lakini kuna sehemu ya kisa kile ambayo ni yetu kabisa na haipo Berlin: njia. Mifupa haikupanda gari. Ilifungwa kwa mianzi iliyokatwa hukohuko, ikapakwa udongo na kuviringishwa kama mzigo, kisha wapagazi, wanaume na wanawake, wakaibeba kichwani na mabegani, mwendo wa siku nne hivi mpaka Lindi, ikapakiwa melini. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, fundi aliyejua kuutoa mfupa kwenye jiwe bila kuuvunja. Waingereza walirudi kuchimba kati ya 1924 na 1931, na kiongozi wao wa kwanza, William Cutler, alikufa kwa malaria hapahapa Lindi mwaka 1925.

Mzigo mmoja wa mianzi uliotengenezwa na fundi wa kijiji, wenye uzito kama ule wa wapagazi, ukawekwa chini ya mkorosho ili kila mgeni ajaribu kuunyanyua, utamweleza mambo kuliko kibao chochote. Gharama yake ni ndogo. Ningeanza na huo.

## Ardhi na mto

5. Ardhi itakuwa ya nani?

Kijijini, itabaki ya kijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, Halmashauri ya Kijiji inasimamia ardhi kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kutenga wala kugawa bila ridhaa ya Mkutano Mkuu, yaani watu wazima wote wa kijiji waliokaa na kuamua. Eneo la bustani litengwe kama ardhi ya matumizi ya pamoja, liingizwe kwenye daftari la kijiji na kwenye mpango wa matumizi ya ardhi. Kama kijiji hakina mpango huo, au hakina cheti cha ardhi ya kijiji, hiyo ndiyo kazi ya kwanza. Kibao cha kukaribisha wageni kinaweza kungoja.

Akija mtu akisema ni rahisi zaidi eneo likiandikwa kwa jina la shirika lake, jibu ni hapana. Mwambieni kwa upole.

6. Sisi tuko mtaani, ndani ya manispaa. Majibu ni yaleyale?

Hapana, na watu wengi hujikwaa hapa. Mtaa hauna ardhi ya kijiji, na mwenyekiti wa mtaa hawezi kutenga eneo. Ardhi ya mjini iko chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 na mipango miji ya manispaa. Mnachoweza kufanya ni kupeleka ombi kupitia kamati ya maendeleo ya kata, diwani wenu alisimamie, eneo liwekwe kwenye ramani kama eneo la wazi, kisha kikundi chenu kipewe makubaliano ya kulitunza kwa miaka inayotajwa. Makubaliano ya mdomo na ofisa mmoja hufa siku anapohamishwa.

7. Tunaruhusiwa kujenga umbali gani kutoka mtoni?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka mto, ziwa, bwawa au bahari. Hii ni baraka kwa bustani kuliko mnavyodhani, kwa kuwa inamzuia pia yule anayetaka kumwaga zege ukingoni.

Ndani ya mita hizo panda miti, fungua njia ya udongo, weka magogo ya kukalia. Vyoo, ofisi, jiko na maegesho vikae nje. Kabla ya kuchimba msingi wowote zungumzeni na ofisa mazingira wa wilaya, naye atawaeleza kama mradi unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira kupitia NEMC, baraza la taifa la mazingira. Mkitaka kuvuta maji ya mto, kibali kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye makao Mtwara.

8. Shamba langu la mpunga liko ndani ya eneo mnalolitaka. Nitahamishwa?

Tangu watu wa Likong'o waondolewe kupisha mradi wa gesi, neno "mradi" likitajwa Lindi watu hushika mashamba yao. Wana haki.

Jibu langu ni kwamba bustani ya aina hii isihamishe mtu. Chora mpaka uyazunguke mashamba, au uyapitie kwa njia nyembamba ambayo mwenye shamba ameikubali kwa maandishi. Minazi ya mtu na viraka vya mpunga ni sehemu ya mandhari hata hivyo. Kama mwenye shamba mwenyewe anataka kuachia, alipwe fidia iliyothaminiwa kihalali, na fedha ziwepo mkononi kabla ya hatua yoyote. Asiyetaka aachwe. Kamati itakayoanza kwa kumsukuma mjane mmoja itakuwa imepoteza kijiji kizima.

9. Tunaweza kukata mikoko kidogo ili njia ipite?

Msikate bila kibali. Mikoko yote ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, hata kama iko mbele ya nyumba yako. Nendeni ofisini kwao mapema, kwa sababu wanaweza kuwa washirika wazuri wa kitalu cha miche.

Kwa kawaida kuna uwazi wa kutosha. Fuateni njia ambazo wavuvi na wachota kaa wanazitumia maji yakipwa. Zimechaguliwa na watu wanaojua pa kukanyaga. Kisha mfundisheni mgeni kutofautisha mkoko, mchu, mkandaa na msinzi kwa mizizi yake. Mchu unatoa mizizi kama penseli zilizochomekwa topeni. Mkoko unasimama kwa miguu mingi. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuongoza ziara hiyo.

## Ubia na kamati

10. Nani wakae kwenye kamati?

Wale wanaotumia mto. Wavuvi kupitia BMU yao (kikundi chao cha kusimamia uvuvi ufukweni), wakulima wa bondeni, wanaovusha watu kwa mitumbwi, mwalimu mmoja wa historia, vijana, shehe na padri au katekista, na mtu wa mila anayetambuliwa na ukoo wenye tambiko. Wanawake wasiwe wa kujaza nafasi. Wao ndio wanaofika mtoni kila siku. Mwenyekiti wa kijiji na mtendaji waalikwe, lakini wasiiongoze kamati, kwani wao ndio watakaoisimamia na kuikagua.

Watu tisa hadi kumi na moja wanatosha.

11. Tusajili nini: kikundi, asasi, ushirika au bodi ya wadhamini?

Anzeni na kikundi cha kijamii kinachosajiliwa kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri. Ni nafuu na kinawapa uwezo wa kufungua akaunti. Mkianza kupokea fedha kubwa za wafadhili, fikirieni asasi isiyo ya kiserikali au wadhamini waliosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Ushirika unafaa tu kama kuna biashara halisi ya kugawana faida.

12. Mfadhili amekuja na mchoro tayari. Tumkatalie?

Msimkatalie. Mkalisheni chini.

Mchoro unaofika kabla ya mkutano huwa umeshaamua mambo mengi: mlango uko wapi, nani anaingilia upande gani, duka la vinyago linatazama wapi. Ukiutazama vizuri utakuta soko la samaki halimo, au limeandikwa "eneo la kusafishwa". Uchukueni, ubandikeni ukutani kwenye ofisi ya kijiji kwa majuma kadhaa, na kila anayepita achore juu yake kwa kalamu nyekundu. Mfadhili mwenye nia njema atashukuru. Mwenye haraka atajulikana.

Kisha muulizeni mambo matatu mbele ya watu. Akishaondoka, mali iliyonunuliwa inabaki ya nani? Mlinzi na msafishaji watalipwa na nani mwaka wa nne, fedha za mradi zikiisha? Na mkitaka kubadilisha jambo, mnaomba ruhusa kwake au mnamtaarifu? Majibu yaandikwe kwenye mkataba wa Kiswahili, usomwe mkutanoni tangu mwanzo hadi mwisho, na usainiwe baada ya muhtasari wa mkutano kuidhinishwa. Mwenyekiti akisaini peke yake nyumbani kwake jioni, mkataba huo utaleta ugomvi hata kama una mambo mazuri.

Mfano wa karibu wa ubia na wageni ni boma la kale la Mikindani, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895. Shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, lilikarabati jengo lile likawa hoteli na mahali pa kufundishia vijana kazi za hoteli. Nendeni mkalitazame. Ulizeni waliofundishwa wako wapi sasa, na nani anabadilisha bati likitoboka.

13. Mikutano ifanyike lini?

Isiwe msimu wa korosho. Kuanzia Oktoba watu wako mashambani au wanangojea mnada, na mkutano wa watu kumi na wawili hauwezi kutenga ardhi ya kijiji. Ijumaa mchana nayo sahau.

## Urithi wenyewe

14. Mahali pa tambiko pawekwe kwenye ramani?

Waulizwe wenye tambiko, na jibu lao liwe la mwisho. Kuna mibuyu ambayo ukoo hauoni shida mgeni kuitazama kwa mbali, akaelezwa kwamba hapa unga huwekwa chini watu wakiomba mvua au uzima. Kuna mingine ambayo hata jina lake halitajwi hovyo. Hiyo isiwe na kibao, isiwe na njia, isipigwe picha, na kwenye ramani ya wageni eneo hilo libaki tupu.

Wapo pia waumini watakaosema kutunza mahali pa tambiko ni ushirikina. Hoja hiyo huwa inapoa shehe na padri wakiwa ndani ya kamati tangu siku ya kwanza (jibu la 10), kwa sababu wao pia wana vya kutunza: makaburi ya zamani ya pwani, msikiti wa kale, kanisa.

15. Tuoneshe ngoma za jando na unyago?

Ngoma za hadharani, ndiyo. Sindimba ni ya hadhara, na midimu, wale wachezaji wa vinyago wa Kimakonde, hutoka mbele ya watu. Yanayofundishwa ndani hayauzwi. Kungwi hawezi kuletewa watalii, na mwali si maonesho. Kamati isiliweke suala hili kwenye kura kabisa, kwa kuwa si lake kuamua. Vikundi vya ngoma vilipwe kwa kila onesho, kiwango kijulikane kabla, na soda si malipo.

16. Tukichimba tukakuta kigae, shanga au mfupa wa jiwe?

Simamisheni jembe. Acheni kitu mahali kilipo, pigeni picha, toeni taarifa kwa mtendaji na ofisa utamaduni wa wilaya ili ifike Idara ya Mambo ya Kale. Chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 vinalindwa, pamoja na visukuku, na hakuna anayeruhusiwa kuchimba bila leseni. Mtu akija na kamera nzuri akitaka kununua kile kigae, muulizeni leseni yake.

Kitu kimoja ambacho wengi hawakijui: milango na miimo ya mbao iliyonakshiwa kabla ya 1940 nayo inalindwa na sheria hiyohiyo. Anayeng'oa mlango wa babu yake Mikindani au Lindi na kuusafirisha nje bila kibali anavunja sheria, hata kama ni wa babu yake kweli.

17. Magofu ya Mjerumani yanalindwa moja kwa moja?

La. Yamejengwa baada ya 1863, kwa hiyo yanahitaji kutangazwa na waziri. Mpaka hapo, mtu anaweza kubeba mawe yake usiku akajengee choo, na wamebeba. Kama gofu liko ndani ya eneo lenu, andikeni barua ya kuomba litangazwe, na wakati huohuo kijiji kitunge sheria ndogo ya kuzuia kubomoa. Sheria ndogo hupitishwa na Mkutano Mkuu na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya.

18. Tuseme nini kuhusu biashara ya watumwa?

Tuseme yaliyokuwepo. Misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilishuka Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani. Ugumu ni kwamba vizazi vya waliouzwa na vya waliouza wanaishi leo mtaa mmoja, wameoana, wanazikana. Kibao kieleze biashara, njia na miaka, bila kutaja koo. Familia inayotaka kusimulia ya kwake isimulie yenyewe kwa hiari yake.

19. Wazee wawili wanasimulia kisa kimoja tofauti. Tuandike cha nani?

Vyote viwili, kila kimoja na jina la msimuliaji kama ameridhia. Mgeni hatapotea. Rekodini sauti kwa simu, andikeni tarehe na mahali, wekeni nakala shuleni na nyingine kwa mtu asiye mwanakamati. Ridhaa iombwe kabla ya kurekodi, na mzee aelezwe wazi kama sauti yake itawekwa mtandaoni, kwa sababu wengi hudhani inabaki kijijini.

## Fedha

20. Bustani itatuingizia kiasi gani?

Kidogo, na miaka ya mwanzo karibu hakuna. Anayeahidi vingine anatafuta saini.

Watu hutaja vijiji vya Kilwa kama Kikole na Nanjirinji, ambavyo vimepata fedha za maana kutokana na misitu yao na kujenga mambo yanayoonekana. Ni kweli, lakini wao wanauza mpingo, bidhaa ambayo dunia inaitafuta, na walipitia miaka ya kupima miti na kuweka mipango kabla ya gogo la kwanza kuuzwa. Bustani inauza matembezi ya nusu siku. Wateja wake wa kwanza watakuwa shule za Lindi na Mtwara, harusi zinazotafuta mahali pa picha, na wasafiri wa barabara ya Masasi wanaotaka kunyoosha miguu na kula samaki. Pangeni bei kwa ajili ya hao. Mtalii wa kigeni akija, karibu.

Faida inayoonekana mapema iko pembeni: mama lishe, mwenye mtumbwi, fundi wa mikeka. Wasitozwe ushuru mkubwa mwaka wa kwanza.

21. Fedha zishikwe na nani?

Akaunti ya benki yenye watia saini watatu wasio ndugu, na malipo ya wageni yapitie lipa namba ili yaache alama. Daftari lisomwe kwenye Mkutano Mkuu, ambao kisheria unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Lisomwe kwa sauti na kwa undani: makuti mia tatu, yamenunuliwa kwa fulani, bei hii, risiti hii hapa, fundi wa banda siku nne, saini yake hii. Mkisoma jumla tu, watu watajaza wenyewe yaliyobaki, na watayajaza vibaya.

22. Wenyeji watalipa kiingilio?

Hawatalipa. Wanapita kwao.

23. Vijana wanaweza kutumia mkopo wa halmashauri wa asilimia kumi?

Wanaweza, kwa biashara iliyo ndani au kando ya bustani: mtumbwi, kibanda cha chakula, vinyago. Mikopo hiyo, asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejea mwaka uliofuata. Haina riba, lakini inarudishwa. Msiitumie kujengea njia au vyoo. Hivyo havizai fedha ya rejesho. Anayetaka kuongoza watalii kama biashara atahitaji pia leseni chini ya Sheria ya Utalii ya 2008.

## Mambo magumu

24. Mto ukifurika?

Utafurika. Mafuriko ya Januari 2020 huko Kilwa hayajasahaulika, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Dar es Salaam kiasi kwamba Lindi nzima ilijua. Jengeni vitu ambavyo mto ukivichukua mtavirudisha kwa wiki moja: makuti, mianzi, magogo. Vibao viwe na nguzo za kung'oka.

Upande wa maingilio kuna bamvua pia. Kabla ya kuchora njia, nendeni mkasimame hapo siku za bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, mtie vigingi pale maji yanapofika. Njia ipite juu ya vigingi.

25. Mamba na viboko je?

Mahali penye mamba hapawekwi ngazi ya kushukia majini, na hakuna kuogelea hata kama mgeni anasema anajua. Waulizeni wafua nguo, wao ndio wanaojua dimbwi lipi lina mwenyewe. Tukio likitokea, ofisa wanyamapori wa wilaya apewe taarifa siku hiyohiyo, kwani utaratibu wa serikali wa kifuta jasho na kifuta machozi, yaani malipo kwa walioumizwa au kuharibiwa mali na wanyamapori, unategemea taarifa hiyo. Kwa Ruvuma swali hili liwe la kwanza kabisa.

26. Kijiji cha ng'ambo hakitaki.

Mto una kingo mbili na wao wana haki ya kukataa. Fanyeni upande wenu, msiweke daraja la kamba linaloishia kwenye mashamba yao, na msiwasimulie wao kwenye vibao vyenu. Mara nyingi kinachokataliwa ni mpaka wa zamani wa vijiji ambao haujamalizwa, wala si bustani. Ulizeni hilo kwanza, kupitia kata.

27. Kamati imekufa na mbao za banda zimeanza kuondoka. Tufanyeje?

Halmashauri ya Kijiji ichukue funguo, daftari na orodha ya mali siku hiyo, iandike kilichopo na kilichopungua, na kuitisha Mkutano Mkuu. Mkutano una njia mbili: kuchagua kamati mpya, au kuliacha eneo libaki ardhi ya pamoja bila bustani. Ya pili inaruhusiwa. Miti iliyopandwa itaendelea kukua na rekodi za wazee ziko shuleni (jibu la 19). Mbao zilizobaki ziuzwe kwa mnada wa wazi, fedha ziingie kwenye akaunti ya kijiji, na risiti isomwe.